Biharamulo, mji wa kushukia

Basi la kwenda Bukoba kutoka Dar es Salaam likifika Biharamulo, abiria wengi wanakuwa hoi. Miguu imevimba, simu zimeisha chaji, watoto wamechoka hata kulia. Basi linasimama stendi dakika chache. Wauza mahindi ya kuchemsha na karanga wanakimbilia madirishani, konda anaita waliochimba dawa warudi haraka, safari ya Muleba inaendelea. Wanaobaki chini ni wenyeji na wafanyabiashara wachache wenye mizigo. Wengine wote huishia kuuona mji huu kupitia kioo cha basi.

Mimi hushuka. Sina ndugu Biharamulo, sina kiwanja wala shamba. Mara ya kwanza nilipelekwa na kazi, nikapapenda, na tangu hapo nikipata likizo narudi. Wenzangu ofisini huniuliza nakwenda kutafuta nini huko porini. Makala haya ndiyo jibu langu, refu kidogo kuliko lile ninalowapa wakati wa chai.

Swali lao lina sababu. Kwa Mtanzania aliye mbali, sehemu hii ya Mkoa wa Kagera, yaani Biharamulo na jirani yake Ngara, imesikika kwa habari mbaya tupu. Miaka ya 1990 ilikuwa wakimbizi. Baadaye wakaja majambazi wa barabarani. Januari 2025 ikawa ugonjwa wa Marburg. Kati ya msiba mmoja na mwingine hakuna anayeandika kwamba mvua zimenyesha vizuri, kwamba asali ya mwaka huu ni nzito, au kwamba jioni watu wamekaa vibarazani wanazungumza. Mahali panapotajwa siku ya balaa peke yake, watu wataendelea kupaogopa hata balaa likishaondoka. Hilo linaniuma, maana napajua.

Tuanze na barabara, kwa kuwa hofu nyingi ilianzia huko. Miaka ile, kupita pori la Kasindaga, kati ya Biharamulo na Muleba, ilikuwa ni kwa msafara. Mabasi na malori yalisubiriana, askari wenye bunduki wakapanda, ndipo safari ikaanza. Upande wa Ngara na Karagwe, pori la Kimisi lilikuwa na sifa hiyohiyo. Nakumbuka mama mmoja aliyekaa mbele yangu katika safari ya namna hiyo. Kabla basi halijang'oa nanga alifungua pindo la kanga, akatoa noti zake, akazigawa mafungu matatu. La kwanza alilitia ndani ya soksi ya mtoto. La pili akalizamisha katika mfuko wa unga. La tatu, dogo kuliko yote, alibaki nalo mkononi. Nilipomwangalia akasema, bila kunong'ona, "Hizi ni zao wakija." Alikuwa ameshaliweka jambo lile katika bajeti ya safari, pamoja na nauli na soda ya mtoto. Basi likapita salama, askari akashuka upande wa pili, na yule mama akazirudisha noti zake zote pinduni.

Leo ukitoka Mwanza husubiri hata kivuko. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na kutoka hapo ni lami kupitia Sengerema, Geita, Katoro na Buseresere hadi Bwanga. Kipande cha Bwanga kwenda Biharamulo, kilomita 67, ndicho kilichokuwa kikitutoa jasho zamani kwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Sasa ni lami, na msitu umebaki kuwa msitu tu. Utaona mizinga ya nyuki imening'inizwa juu ya miti, baiskeli zilizobeba mkaa, na kina mama waliopanga chupa za asali pembeni ya barabara. Ukisimama kununua, omba uonje. Asali ya miombo ya huku ina rangi nzito na harufu ya moshi kidogo, na mwenye nayo hatakunyima kijiko.

Mji wenyewe ni mdogo. Una barabara chache, udongo mwekundu, bodaboda nyingi kuliko abiria, maduka ya vifaa vya ujenzi na gesti zenye majina ya watoto wa wenyeji. Lakini inua macho. Juu ya mwinuko kuna Boma la Mjerumani, kuta nyeupe na minara, na hapo ndipo mguu wangu huelekea nikishaweka begi chini.

Lilijengwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakati Wajerumani walipotaka kituo cha kutawalia nchi iliyo kati ya Ziwa Viktoria na falme za Rwanda na Burundi. Nchi hii ilikuwa na wenyewe kabla yao. Ilikuwa Rusubi, ambayo wageni waliiandika Usui, na mtawala wake Suwarora alijulikana kwa misafara yote ya biashara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita hapa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Suwarora aliwatoza hongo, na Speke alilalamika sana katika maandishi yake. Nikisoma malalamiko yale mimi huwa upande wa Suwarora. Watu wenye bunduki na mizigo ya nguo na shanga wanakatiza nchi yako, kwa nini wasilipe?

Wajerumani hawakukaa muda mrefu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalivuka Rwanda, na Juni 1916 kikosi cha Kanali Philippe Molitor kikaitwaa Biharamulo. Kutoka hapa kiliendelea kusini, na Septemba mwaka huohuo Tabora ikaanguka. Waliobeba mizigo ya vita vile walikuwa wapagazi wa Kiafrika, na walikufa kwa wingi kwa njaa, maradhi na uchovu. Ukiwa umesimama katika ua wa Boma, fikiri kwamba baadhi yao walipumzika papo hapo, chini ya kuta hizohizo, kabla ya kutwishwa tena. Hakuna kibao kinachowataja. Kwa kweli safari zangu zote sijaona kibao cha maana kinachomweleza mgeni lolote kuhusu mahali hapa, na nadhani hiyo ni hasara ya bure kabisa, maana fundi wa kukichora yupo palepale sokoni.

Kuta ni nene. Ukiingia kutoka juani unaupata ubaridi mara moja mgongoni. Chokaa imebanduka sehemu nyingi, na chini yake yanaonekana mawe yaliyopangwa kwa mkono, moja moja, na watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali. Sehemu ya jengo imekuwa ikitumika kulaza wageni. Usiku ukilala humo husikii malori wala muziki wa baa. Asubuhi ukifungua dirisha unaona ukungu umelala bondeni, na mabati ya mji yanajitokeza polepole.

Safari ya mwisho nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye kivuli cha lango, fimbo mapajani. Tunafahamiana kwa sura.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umerudi tena? Hujaoa huku bado?"

Nikacheka, nikakaa chini karibu naye. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Utotoni, enzi za Mwingereza, alikuja katika ua huu na baba yake kulipa kodi. Walitembea tangu alfajiri. Baba alipanga foleni, akalipa, akapewa stakabadhi, kisha akampa mtoto aishike njia nzima ya kurudi. "Aliniambia, ukiipoteza hii, watanikamata mimi. Nikaishika hivi." Mzee akakunja ngumi, akaibana kifuani. Walipofika nyumbani karatasi ilikuwa imelowa jasho hata maandishi yameanza kufifia, na mama yake akaianika juu ya ungo. Mzee alieleza yote hayo akiangalia ua, akanionyesha kwa fimbo mahali penyewe palipokuwa na meza ya karani.

Hayo ndiyo ninayoyafuata Biharamulo. Historia ya nchi yetu tumezoea kuitafuta Bagamoyo, Kilwa na Zanzibar, na ni sawa, ila huku bara iko kwa watu walio hai na hawatozi kiingilio. Mzee yule ana umri mkubwa. Ningependa wanafunzi wa shule za mjini waletwe kwake na daftari, mwaka huu, si mwakani.

Mjini nilikula kwa mama ntilie karibu na stendi. Ndizi zilizopikwa na maharage, dagaa wa Ziwa Viktoria pembeni, pilipili mbuzi iliyokatwa mbele yangu. Mlangoni kulikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi. Nilimuuliza kama ndoo ile ilibaki tangu siku za Marburg. Akasema ndiyo, na haiondoi. Serikali ilipotangaza ugonjwa ule Januari 2025, biashara yake ilikufa kwa siku kadhaa, watu waliogopa hata kupeana mikono misibani. Kufikia Machi 13, ulipotangazwa kwisha, wagonjwa waliothibitishwa kwa vipimo walikuwa wawili, na wanane wengine walihesabiwa kuwa waliugua ugonjwa huo. Wote 10 walifariki. Mama yule hakutaka kulizungumza sana. Alisema tu kwamba wahudumu wa afya waliokuja kijiji kwa kijiji walikuwa vijana wadogo, na walistahili kupewa chakula bure. Yeye aliwapa.

Kuna jambo lingine la mji huu ambalo watu hulisahau. Chato yote ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo kabla haijawa wilaya yenyewe na baadaye kuhamia Mkoa wa Geita. Hayati Rais John Magufuli alisoma hapa, Seminari ya Katoke, katikati ya miaka ya 1970. Ukiwa na nusu siku ya ziada nenda ukaione Katoke.

Lakini siku yangu ya pili niliipa Kaniha.

Kaniha ni kata ya wilaya hii. Watalii hawaendi, na hata waandishi hawafiki mpaka kuwe na tukio. Nilipanda mchomoko, gari dogo la abiria, uliojaza watu saba mahali pa wanne, tukapita mashamba ya mahindi na mihogo, ng'ombe wa Wasukuma waliohamia huku kufuata malisho, na vipande vya msitu wa hifadhi ambavyo bado vina miti mikubwa. Dereva alikuwa Muha, aliyekaa mbele ni Msubi, nyuma yangu wanawake wawili walizungumza Kisukuma, na ugomvi wa nauli ulipozuka wote waligombana kwa Kiswahili.

Utajiri wa Kaniha uko chini ya ardhi. Katika kijiji cha Mavota ndiko uliko mgodi uliojulikana kwa jina la Tulawaka, ulioanza kuchimba dhahabu mwaka 2005 chini ya Barrick. Ulikuwa mgodi mdogo ukiulinganisha na ile ya Geita na Bulyanhulu, na mwaka 2013 wenyewe waliamua kuufunga. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likauchukua, na kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD ikaendelea na uzalishaji. Kwa hiyo mgodi ambao wawekezaji walisema umekwisha, Watanzania wameendelea kuuchimba. Napenda habari hiyo, na nashangaa haisimuliwi zaidi.

Nje ya uzio wa mgodi kuna wachimbaji wadogo. Hapa kila kitu kina jina lake: duara ndilo shimo, matimba ni magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, karasha ni mashine ya kusaga mawe, mwalo ni pale panapooshwa udongo. Karasha ukiisikia kwa mbali utadhani ni gari bovu linalokataa kuwaka. Vumbi lake ni jeupe, linaganda kwenye nyusi za vijana wanaolisha mawe. Wanawake wanaponda kokoto kwa nyundo, mmoja ana mtoto mgongoni, na kila nyundo inaposhuka kichwa cha mtoto kinatikisika naye amelala.

Kijana mmoja alinionyesha hatua ya mwisho. Alikuwa na kipande cha kitambaa, ndani yake kidonge cha kijivu, mchanganyiko wa dhahabu na zebaki. Alikiweka juu ya koleo, akaingiza koleo kwenye moto wa mkaa. Zebaki ikaruka hewani, hatukuiona ikienda. Kilichobaki kilikuwa cha njano, hakizidi punje ya mchele. Akakigeuza kwa ncha ya kijiti, akatabasamu. Kilikuwa jasho la watu wanne la siku kadhaa.

Nilirudi nyuma hatua chache wakati moshi ukipanda, naye hakurudi. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2013, na maofisa wa madini wanalijua tatizo. Zebaki inaharibu mishipa ya fahamu na inawadhuru watoto wakiwa tumboni. Lakini kijana yule hana barakoa, hana chombo cha kunasia mvuke, na chombo hicho si ghali wala si cha ajabu, ni bomba na kifuniko. Yeyote mwenye uwezo wa kufikisha vyombo hivyo Mavota, iwe halmashauri, chama cha wachimbaji au mfanyabiashara wa dhahabu anayetajirika kutokana na mikono hii, afanye hivyo. Masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019 yamewasaidia wachimbaji wadogo kupata bei ya haki. Afya yao nayo ingepimwa kwa mizani hiyohiyo.

Jioni, tukisubiri usafiri, mzee mmoja wa Kaniha alinikumbusha kwamba watu wa nchi hii walikuwa mafundi wa madini kabla dhahabu haijatafutwa. Alikuwa anawazungumzia Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika misitu ya Biharamulo na Geita. Walijenga tanuru za udongo, wakavukuta, wakapata chuma cha kufulia majembe, na majembe hayo yaliuzwa mpaka Usukuma. Kazi hiyo ilikuja kuuawa na majembe ya dukani. Mzee alisema babu yake alikuwa mvukutaji. Alinionyesha jinsi mikono inavyopishana, kushoto, kulia, kushoto, na akaendelea kuipishanisha mpaka mchomoko ulipopiga honi.

Kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato nitasema machache, kwa kuwa hifadhi haielezeki kwa siku moja. Ilizinduliwa Julai 2019 baada ya mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuunganishwa, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Ndiyo mapori yaleyale yaliyokuwa maficho ya majambazi. Sasa ndani yake anatembea mgeni na kamera. Wanyama wapo, pundamilia, nyati, pofu, palahala na korongo, ila si wa kurundikana mbele ya gari namna ya Serengeti, inabidi uvumilie. Ziwa Burigi lenyewe ndilo linalonivuta. Ni refu na jembamba, vilima vimelibana pande zote, na ukikaa kimya kando ya matete unaweza kumwona nzohe akitokeza pua majini.

Siku ya mwisho nilikwenda Rusumo, na hapa nitakaa kidogo.

Kutoka Biharamulo unashuka hadi Lusahunga, unaikuta barabara kuu inayotoka Nyakanazi, ile inayobeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kuanzia Lusahunga hadi mpakani ni kilomita 92 za malori. Matela ya saruji, matangi ya mafuta, magari ya IT ya kwenda nchi jirani, yanayoendeshwa yakiwa bado na plastiki kwenye viti. Nyakahura kuna foleni, madereva wametandika mikeka chini ya matela wanapika ugali. Wengi wao wamepita hapa kwa miaka mingi bila kujua kwamba Biharamulo kuna Boma, na niliyemweleza alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama kule dizeli ni nafuu.

Kisha nchi inabadilika. Unaingia Ngara, vilima vinapanda, migomba inasogea hadi ukingoni mwa lami, watu wanazungumza Kihangaza na Kishubi, na hewa inakuwa ya baridi. Mji wa Ngara uko juu kabisa, mahali pa kuvaa sweta hata mchana.

Kabla ya kufika Rusumo unapita Benaco, iliyopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Aprili 28, 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halikuwahi kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa haraka namna hiyo. Ndani ya siku chache, vilima vya Benaco vilikuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Ndani ya kambi ile walikuwamo watu wasio na hatia, na walikuwamo pia walioua katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mto Kagera nao ulikuwa ukibeba miili, ikaporomoka Rusumo na kuelea hadi Ziwa Viktoria, na mingi ikazikwa Uganda. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao.

Mama anayeuza chai Benaco aliniambia kwamba kitu alichokiona kwa macho yake ni miti. Asubuhi moja alitazama kilima kilichokuwa na miti, baada ya wiki chache akatazama tena, hakukuwa na hata kijiti, kila kitu kilikuwa kimekwenda kuwa kuni. "Sikuwalaumu," alisema. "Ungepika na nini?" Kisha akanionyesha kilima chenyewe. Kina miti sasa, mingine mikubwa.

Ukifika maporomoko ya Rusumo utayasikia kabla ya kuyaona. Hayana urefu wa kutisha, mita 15 hivi, lakini maji yote ya Kagera yamebanwa kwenye mwamba mwembamba, yanageuka kahawia na povu na kunguruma. Kidogo tu juu ya hapo Mto Ruvubu kutoka Burundi unaungana na Kagera, na pembe hiyo ambako nchi tatu zinakutana wenyeji wanaiita Mafiga Matatu. Mei 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto sehemu hii kuingia Rwanda. Miaka michache baadaye akawa gavana wa koloni zima, na ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905.

Daraja la sasa lilifunguliwa rasmi Aprili 6, 2016 na Rais Magufuli pamoja na Rais Paul Kagame, likiwa na kituo cha pamoja cha forodha. Chini yake kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Niliuangalia mtambo ule kwa muda mrefu. Maji yaliyobeba yale yaliyobebwa mwaka 1994 ndiyo yanayowasha taa leo Ngara na ng'ambo. Sijui niseme nini kuhusu hilo zaidi ya kwamba ninafurahi taa zinawaka, na kwamba kila anayevuka daraja lile na shehena yake ajue anapita juu ya nini.

Anayetaka kwenda asiende mbio. Siku nne zinatosha kuanza. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ni mizuri kwa njia za vumbi za Kaniha na za hifadhini. Akija Novemba atapata mvua, lakini pia atapata senene wakianza kuuzwa kwa vikombe barabarani. Beba sweta kwa ajili ya Ngara, fedha taslimu kwa ajili ya vijijini, na vijana wa bodaboda upatane nao bei kabla ya kupanda. Ukitoka Dar es Salaam, mwambie konda mapema, tangu Kahama, kwamba unashukia Biharamulo. Atakuuliza una nani huko. Mwambie unakwenda kutembea.